Popo wa Pemba na Muhtasari wa Kamati Yetu



Katika mji wetu wa Singida, mtu akisema amesafiri kwenda kutazama wanyama, watu humwuliza kwanza kama amepata ajira hifadhini. Safari zinazoeleweka kwetu ni chache: msiba, harusi, matibabu, biashara ya alizeti na kuku, na kwa aliyeruzukiwa, Hija au Umra. Kufunga mizigo, kumchukua mama mzee na watoto watatu, kuvuka bahari na kumlipa mtu ili akuonyeshe popo juu ya mti, ni jambo lililotuwia vigumu kulieleza hata mbele ya jamaa zetu wenyewe. Tunalieleza hapa kwa sababu tuliporudi nyumbani tulikuta deni, na deni hilo lina sahihi yetu.

Sisi tuandikao ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja ulio pembezoni mwa mji, si mbali na Ziwa Kindai. Msikiti wetu si mkubwa. Una paa la bati, dari ya mbao nyembamba, na baina ya dari na bati kwa miaka mingi wamekuwa wakiishi popo. Ni popo wadogo wa kawaida, wale watokao kwa mamia wakati wa Magharibi na kuvizia wadudu kwenye taa za barabarani. Kinyesi chao hupenya katika nyufa za mbao na kudondoka juu ya majamvi. Kila alfajiri mwadhini hufagia kabla ya kuadhini, na wakati wa joto harufu huwa nzito kiasi kwamba wazee wenye pumu husali barazani. Hakuna aliyezusha malalamiko haya. Usafi wa mahali pa kusalia ni sharti la sala, na mwenye kulisimamia hilo hafanyi kosa.

Basi mwezi mmoja kabla ya Idi ya kuchinja ya mwaka 2025 kamati ilikaa, ikajadili, na ikaamua kwamba atafutwe mtu wa dawa aje afukize dari. Ajenda hiyo haikuchukua hata robo saa. Mhazini alitaja gharama, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, nasi tukaandika: "Kamati imeridhia popo wauawe kwa dawa mapema iwezekanavyo." Kisha tukatia sahihi, tukapita kwenye ajenda ya mabomba ya udhu, ambayo ilijadiliwa kwa saa nzima na zaidi.

Safari ya Pemba tulikuwa tumeipanga miaka miwili kabla ya hapo. Mama wa watoto hushona, nasi tuna shamba la alizeti upande wa Ilongero. Kila mavuno tuliweka kidogo, na kila mwezi yeye aliweka cha kwake. Wazo lilikuwa lake. Alisema watoto wetu wameona heroe wa Singidani mpaka wamewazoea, lakini bahari wameisoma katika vitabu tu, na kwamba mtoto wa Kiislamu wa Tanzania asiyejua Zanzibar ana pengo. Bibi yao, mama yetu mzazi, alipinga kwa wiki moja, kisha akaanza kuuliza kama huko kuna baridi.

Tuliondoka baada ya Idi. Basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha meli ya usiku kwenda Pemba. Kuhusu meli hatutasema mengi. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuanza, na sisi watu wa nyanda kavu hatukuumbiwa mawimbi. Bibi pekee ndiye hakutapika. Alikaa macho usiku kucha na tasbihi mkononi, na meli ilipotia nanga Mkoani alfajiri alituuliza kama sote ni wazima, kana kwamba ni yeye aliyeiendesha.

Msomaji ambaye hajafika Pemba aelewe kwamba kisiwa hicho hakifanani na Unguja ya mahoteli. Ni vilima juu ya vilima, mikarafuu, migomba na minazi, na mashamba ya mpunga katika mabonde. Tulitoka Singida nyasi zikiwa zimekwisha kugeuka rangi ya majani ya chai, na mtoto wetu wa kati, msichana wa miaka minane, aliuliza kama kule kuna mtu anayemwagilia miti yote ile. Tulifikia Chake Chake, katika nyumba ya wageni isiyo na makuu, na jioni ile ile tukakutana na kijana mwongoza watalii ambaye angekuwa nasi kwa siku mbili. Alipogundua kwamba wageni wake ni familia kutoka bara, Waislamu, wenye bibi na watoto, alicheka kwa furaha isiyofichika. Alisema wengi anaowaongoza huja na kamera kubwa na huuliza majina ya ndege kwa Kilatini. Sisi tulimwuliza msikiti uko wapi.

Siku ya kwanza alitupeleka Misali.

Misali ni kisiwa kidogo, eneo lake halifiki kilometa moja ya mraba, nacho kiko magharibi ya Chake Chake katika mkondo wa bahari unaoitenga Pemba na bara. Tulipanda mashua ya mashine kutoka Wesha. Upande huo Pemba yenyewe hukinga upepo wa kusi, hivyo bahari ilikuwa imetulia, namshukuru Mola kwa ajili ya wanangu, nasi sote kwa ajili ya matumbo yetu. Njiani kijana alisimulia asili ya jina. Wenyeji husema kwamba zamani mtu mwema, ambaye wengine humtaja kuwa ni Nabii Khidhri, aliwatokea wavuvi kisiwani na kuwaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa mithili ya msala, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Sisi tuliosoma vyuoni tumezoea kuuliza sanadi, na hekaya hii haina sanadi tuijuayo. Lakini Pemba iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja na Makka, kusini kwa kaskazini. Anayesali kule huelekea kaskazini moja kwa moja, wakati sisi Singida hujipinda kidogo kuelekea mashariki. Bibi hakujali sanadi. Alipotua tu ufukweni alitandika kanga yake akasali rakaa mbili, na kwa muda mrefu wa siku ile hakuondoka pale kivulini.

Kijana alikuwa mwongozaji mwenye adabu. Kabla ya kutuingiza majini alituonyesha sehemu ya ufuko iliyojificha nyuma ya mwamba, akasema hapo mama na msichana wataogelea bila macho ya watu, na yeye mwenyewe akakaa upande wa pili na wanaume. Tunalitaja hili kwa sababu mabibi wengi huuliza, na wengi huacha kwenda kwa kuhofia sitara. Mama wa watoto alivaa nguo ndefu ya kuogelea na kilemba chake, akafunga miwani ya majini, na alipoinua kichwa baada ya dakika chache alituita kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia nyumbani. Chini yake kulikuwa na matumbawe ya rangi ambazo hatuna majina yake, na samaki wakipita baina ya vidole vyake bila hofu. Mtoto wetu mkubwa, kijana wa miaka kumi na moja, alikataa kutoka majini mpaka midomo ilipobadilika rangi.

Mchana tulitembea ndani ya kisiwa. Tuliwaona tumbili wakishuka mpaka karibu na mchanga, na ufukweni tukaonyeshwa alama pana zilizotoka baharini hadi chini ya vichaka na kurudi, kama alama za tairi la trekta shambani. Kasa jike alipanda usiku, akachimba, akataga, akafukia, akarudi. Kijana alisema mayai ya tundu moja huweza kuzidi mia, na huchukua kiasi cha miezi miwili kuanguliwa. Palikuwa pamewekwa vijiti ili watu wasipakanyage. Mtoto mdogo kabisa alikaa kando ya vijiti vile akangoja. Tulipomwambia ni miezi miwili, alisema sawa, atangoja.

Wakati wa chakula, tukila wali na pweza chini ya miti, ndipo kijana alipotueleza jambo lililotuanza kazi moyoni. Misali ni mahali pa dago, yaani kambi za wavuvi, tangu zama za mababu, na maelfu ya watu wa Pemba hutegemea bahari iliyoizunguka. Lakini kulikuwa na wavuvi waliotumia baruti, na wengine nyavu zinazokokota na kuvunja matumbawe. Mwaka 1998 eneo lile lilitangazwa kuwa la hifadhi, na sehemu yake ikazuiliwa kabisa kuvuliwa. Sheria ya serikali peke yake haikutosha. Mwaka 1999 yakaanza mafunzo ambayo waliyasimamia wanazuoni na taasisi moja ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, pamoja na shirika la CARE, wakiwakalisha maimamu na wavuvi na kuwafafanulia yale ambayo Qur'ani na Sunna zinasema juu ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, juu ya israfu na juu ya ufisadi nchi kavu na baharini. Wapo wavuvi walioiacha baruti baada ya hapo, kwa sababu kumkwepa askari wa doria kunawezekana, na Mwenyezi Mungu hakwepwi.

Kisha kijana akatugeukia kwa heshima: "Na nyinyi, Maalim, huko msikitini kwenu, mambo kama haya mnayasomesha?"

Tulimjibu kwamba tuna darasa la watu wazima kila Jumapili baada ya Alasiri, na kwamba tumepanda miarobaini kuzunguka uwanja. Yote mawili ni kweli. Habari za popo hatukuzitaja.

Siku ya pili alitupeleka Kidike, kaskazini ya Chake Chake, kuwatazama popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Njia ya mwisho ni ya miguu, kati ya mikarafuu na migomba, na kabla ya kuona kitu tulisikia kelele kama za soko. Kisha tukainua macho. Miti mikubwa ilikuwa kama imezaa matunda meusi, na matunda yale yalikuwa yakijikuna, yakigombana na kujipepea.

Popo wa Pemba si kama hawa wetu. Akikunjua mbawa zake, upana wake hupita mita moja na nusu. Manyoya yake yana wekundu wa kahawia, na uso wake ni kama wa mbwa mdogo, wenye macho makubwa ya kuelewa. Hali wadudu, hula matunda na maua, na anaporuka usiku kutoka msitu hadi msitu hupanda mbegu bila jembe. Mchana hukaa kwenye miti, wala haingii mapangoni wala darini. Jua linapozidi hujipepea kwa bawa moja taratibu, kama bibi arusi mwenye kipepeo.

Aliyetupokea pale alikuwa mzee wa kijiji. Kijana wetu mkubwa alipoinua mikono apige makofi ili waruke, mzee alimshika kiganja kwa upole. "Usiwaamshe, mjukuu wangu. Hao wanalala. Wewe ukiamshwa usiku wa manane ili watu wakuone unavyokimbia, utafurahi?" Mtoto akaona haya. Mzee akampa darubini yake badala yake, na kwa nusu saa iliyofuata hatukuipata zamu.

Ni yeye, mtoto, aliyeona kwanza jambo lililowachekesha wote. Popo mmoja aliyekuwa amening'inia kichwa chini alijigeuza ghafla, akashika tawi kwa vidole vya mbawa, kichwa juu na miguu chini, akakojoa, akajikung'uta, kisha akarudi kuning'inia kama awali. Mzee alisema ndivyo wafanyavyo wote, ili wasijichafue. Bibi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amekaa juu ya gogo akiwatazama kwa shaka, alisema kwa sauti: "Kumbe anajua kujistanji kuliko baadhi ya watoto wangu." Hatukuuliza alimkusudia nani.

Mzee alisimulia bila kujificha kwamba katika ujana wake yeye mwenyewe alikuwa mwindaji wa popo hao. Waliwatega kwa nyavu na wengine waliwapiga kwa bunduki, wakawala. (Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wana maneno makali juu ya kula popo, nasi tulimtazama mwenzetu kijana, naye akatazama juu, mzee aliendelea.) Misitu nayo ilikwisha kukatwa kwa karne nyingi kupisha mashamba. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 popo walikuwa wamebaki wachache mno hata wataalamu wakahofia kwamba wamo njiani kutoweka. Katika miaka ya 1990 vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda, kwa msaada wa idara ya misitu na wahisani wa nje wakiwamo Fauna & Flora International. Hawakuleta askari. Watu wa kijiji walikubaliana wao kwa wao, na anayetaka kuwaona popo hulipa, na fedha ikasaidia mambo ya kijiji. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walihesabiwa wapatao elfu ishirini. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo anayeua mmoja anapaswa kujua kwamba amefuta mwaka mzima wa kazi ya mama. Hayo ya mwisho ni maneno ya mzee, nasi tumeyahifadhi.

Alisema jambo jingine alipokuwa anatuonyesha kundi la pili, mbali kidogo. Kwamba hata zama za uwindaji, miti ya makaburini haikukatwa wala haikupigwa bunduki, kwa heshima ya maiti, na kwamba makundi yaliyosalia mengi yalisalimika katika miti ya namna hiyo. Wafu waliwahifadhi popo wakati walio hai hawakuwa na habari.

Tulibaki hadi Magharibi. Mzee alimfundisha mtoto wetu kuhesabu: usimhesabu mmoja mmoja, utapotea, jifunze ukubwa wa kundi la kumi, kisha hesabu makumi. Jua lilipozama walianza kuondoka, kwanza wawili watatu, kisha mfululizo kama moshi, kuelekea vilima vya mikarafuu. Mtoto alifika makumi arobaini akachoka. Tuliswali Magharibi pale kando ya njia, mzee akiwa imamu, nao wakipita juu yetu.

Ilikuwa katika sijida ya rakaa ya pili, Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kutawanyika moyo, ndipo tulipokumbuka.

Chuoni, katika mwaka wetu wa tatu, tulisoma mlango wa wanyama waliokatazwa kuuawa. Imamu Bayhaqi amepokea athari kutoka kwa Abdullah bin Amr, Allah awe radhi naye na baba yake, inayokataza kuua vyura na kuua popo, na inaeleza juu ya popo kwamba Baytul Maqdis ilipobomolewa aliomba apewe uwezo juu ya bahari ili awazamishe waliouvunja. Ni kauli ya Sahaba, haikuinuliwa hadi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na wanazuoni wameijadili kwa mapana. Mwalimu wetu aliiweka katika mtihani. Tuliijibu vizuri. Tulipata alama za juu katika somo lile. Na miaka kumi baadaye, katika chumba cha kamati, mbele ya wazee ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma tuliyopata sisi, mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, tulikuwa tumeinamisha kichwa tunapiga mstari chini ya ajenda.

Hatudai kwamba athari ile ingemaliza mjadala. Madhara huondolewa, na kinyesi juu ya jamvi la msikiti ni madhara. Lakini ingefungua mjadala, na kuufungua ilikuwa kazi yetu.

Usiku ule hatukulala vizuri. Baada ya sala ya alfajiri tulimpigia simu mwenyekiti. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba tunaomba kazi ya dari isubiri mpaka turudi, kwa kuwa kuna jambo la kielimu tunataka kulileta. Alikaa kimya kidogo.

"Katibu," akasema, "mtu wa dawa alikuja juzi. Alikuwa na safari ya Manyoni, akaomba awahi. Nasi muhtasari wako tulikuwa nao, umeandika mapema iwezekanavyo."

Alisema bila kejeli. Ni mzee mwema.

Siku mbili zilizobaki tulizitumia kuwapeleka watoto sokoni na ufukweni, na mama wa watoto, ambaye tulimweleza kila kitu, hakutulaumu wala hakutufariji. Alinunua karafuu za kupelekea majirani.

Tulifika Singida Alhamisi usiku. Ijumaa ile sala ilisaliwa nje, chini ya miarobaini. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, lakini popo hawakutoka kwenda kufia porini. Walifia mle mle darini, na kwa siku kadhaa za jua la bati harufu ikawa haivumiliki hata barazani. Mtu wa dawa alikuwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Jumamosi asubuhi tulipanda sisi, fundi seremala, na kijana wetu mkubwa, ambaye hakuombwa bali alikuja. Tulibandua mbao moja baada ya nyingine. Walikuwa wepesi mno. Ukimshika mmoja mkononi huoni kama umeshika kitu. Tulijaza madebe manne na sehemu ya la tano, tukachimba shimo nyuma ya choo cha msikiti, tukafukia. Mtoto hakusema chochote mpaka tulipokuwa tunanawa.

"Baba, nani aliamua?"

Tulimjibu: "Kamati."

Alitutazama, akaendelea kunawa. Anajua baba yake ni nani katika kamati.

Kikao kilichofuata tuliomba ajenda ya popo irudishwe. Mjumbe mmoja alisema katibu amekwenda kustarehe Pemba na amerudi na popo, na watu wakacheka, nasi tukacheka. Tulisoma athari ile na maelezo ya wanazuoni juu yake, pande zote mbili. Imamu wetu alisema kwamba yeye pia aliipata kuisoma, na siku ile haikumjia. Mzee mwingine alipinga kwa hoja nzuri kwamba kauli ya Sahaba haiwezi kuufanya msikiti uwe choo cha wanyama. Tulikubaliana naye, kwa sababu ni kweli. Kilichokuwa hakijasemwa na mtu yeyote katika kikao cha kwanza ni kwamba kulikuwa na njia ya tatu: kungoja watoke jioni, kisha kuziba matundu ya ncha za paa kwa wavu wa chuma, wasiweze kurudi, wakatafute miamba. Singida haina upungufu wa miamba. Gharama ya wavu iliposomwa, ilikuwa ndogo kuliko tuliyomlipa mtu wa dawa, na mhazini alishusha miwani yake akaisoma mara ya pili. Tuliomba pia iandikwe kwamba azimio la awali lilipitishwa bila mwenye elimu ya jambo kusema neno. Mwenyekiti alisema haina haja kujitaja. Tuliliandika.

Mwezi wa Agosti fundi alikuja na ngazi na wavu. Tulidhani hakuna aliyebaki, lakini mwadhini alisema amewaona wachache, labda waliokuwa wamelala mahali pengine siku ya dawa. Tulisimama uwanjani baada ya Magharibi, fundi akiwa juu ya ngazi na nyundo kiunoni, mtoto akiwa kando yetu na vidole vyake vimenyooshwa tayari kuhesabu makumi. Hakuhitaji makumi. Walitoka mmoja, kisha wawili pamoja, kisha kwa muda hakuna, kisha mmoja. Alifika kumi na nne. Fundi aliuliza kutoka juu kama wamekwisha, agonge.

Mtoto alimwambia angoje kidogo.